Mzigo na Kisiki

Neno nililopigiwa swali siku ile nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu, na nililipenda. Lilikaa kwenye kichwa cha sura ya pili ya kijitabu kuhusu ukame: "Kujenga ustahimilivu wa jamii." Kazi yangu ilikuwa kukisoma kijitabu kile kwa sauti mbele ya wakulima wa kijiji kimoja wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, kabla hakijaenda kuchapwa, ili tujue kama Kiswahili chake kinaingia akilini. Nilipofika hapo, mama mmoja aliyeketi kwenye gogo akichambua kunde akanyanyua uso.

"Mwanangu, kustahimili si ndiyo kuvumilia?"

"Ndiyo mama, hayako mbali."

"Basi sisi tumeshastahimili. Na baba zetu walistahimili. Hicho kitabu kinatutaka tustahimili mpaka lini?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana sikuwa na jibu. Usiku, kwenye nyumba ya wageni, nililichomoa lile neno na kuliweka mezani kama fundi anavyokifungua kitasa kilichogoma.

Ustahimilivu ni neno la heshima, wala silipigi vita. Mzizi wake umetoka Kiarabu, kwenye kitenzi cha kubeba, na jamaa zake tunaonana nao kila siku. Yupo hamali, anayeshusha magunia bandarini. Upo mhimili, unaolibeba paa, na ile mihimili mitatu inayoibeba dola: Serikali, Bunge na Mahakama. Ipo himili yenyewe, inayosikika kila mwaka wakati wa bajeti tunapohakikishiwa kwamba deni la taifa ni himilivu, yaani bado tunaweza kutembea nalo kichwani. Ukoo mzima ni wa wachukuzi. Ukilisikiliza neno hili kwa makini unamwona mtu amesimama, kitu kizito kiko juu yake, na hajaanguka. Picha inaishia hapo. Haielezi nani alimtwika, wala nani atamtua. Tanzania tumekuwa na kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani; aliyeitunga alijua kwamba kuna mahali ambapo kumsifu mbebaji hakutoshi.

Hata methali yetu, mstahimilivu hula mbivu, inamsifu anayengoja tunda liive. Mti uliozaa lile tunda, uliopigwa na jua na kuliwa majani na mbuzi, hautajwi.

Asubuhi yake yule mama alinipeleka shambani kwake. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, ardhi imepasuka, vumbi jekundu limetanda mpaka kwenye kope. Alisimama mbele ya kitu ambacho mimi ningekiita kichaka cha miiba, kimo chake magotini.

"Hapa kuna miti mingapi?"

Nikainama nikahesabu vijiti vilivyochomoza kutoka kwenye shina moja la mgunga lililokatwa zamani. "Kumi na saba."

"Hakuna hata mmoja. Yote hii ikikua pamoja, itabaki kuwa kichaka mpaka nife."

Akatoa kisu kilichonolewa hadi kikabaki chembamba kama jani la muwa. Akavipapasa vijiti kimoja kimoja, akavitikisa, akachagua vitatu vilivyonyooka na kushika vizuri kwenye shina. Vingine kumi na vinne akavikata, kisu kikitoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Vile vitatu akavipogolea matawi ya chini, akaacha ya juu. Kisha akafunga utepe mwekundu aliouchana kwenye kanga kuukuu. Utepe ule ni wa kuwaambia wachungaji na wakata kuni kwamba hiki kina mwenyewe.

"Hiki sasa ni kisiki hai," akasema, akafuta kisu kwenye kitenge.

Nilikuwa nimelisikia neno hilo mara nyingi, kama alivyolisikia kila mtu anayefanya kazi na wakulima wa Dodoma. Lakini kulisikia kwenye semina na kulisikia mbele ya kisiki chenyewe ni mambo mawili.

Kisiki ni kipande cha shina kinachobaki mti ukishaanguka, na katika mazungumzo yetu hakina jina zuri. Ni kitu cha kujikwaa gizani, cha kuvunjia mpini wa jembe. Watangazaji wa mpira wamekipunguzia aibu kidogo: beki asiyepitika ni beki kisiki, na akipindukia huwa kisiki cha mpingo. Lakini hata uwanjani sifa yake ni ile ile, kwamba hakisogei. Wakulima walichofanya ni kukiongezea neno moja la herufi tatu. Kisiki kikiwa hai, unalazimika kuuliza kinachoendelea chini, na jibu ni kwamba mizizi ya mti mzima bado imo, ndefu na pana, imeshika maji kule jembe lisikofika. Mche ulioatikwa kwenye kiriba huanza maisha na mizizi ya urefu wa kidole, kisha tunaupeleka kwenye jua la Dodoma na kuuombea. Kisiki kina mtaji wa miaka mingi tayari.

Ardhi ile ina historia inayolifanya neno hili liwe na uzito zaidi. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, wafyeke pori na kupanda karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3 za Tanganyika. Vita ya kwanza ya mradi ule ilikuwa dhidi ya visiki na mizizi. Mashine zilivunjika, udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, mvua zikakosa adabu. Januari 1951 mradi ukafutwa, na pauni kama milioni 36 zikawa zimekwenda na vumbi. Katika hesabu za mradi wa karanga, kila kisiki kilikuwa gharama ya kung'oa. Leo, kwenye wilaya ile ile, mama mwenye kisu anakiandika upande wa mali.

Njia hii ya kisiki hai imetembea sana duniani kwa juhudi za Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, aliyekuwa akipanda miche huko Maradi, nchini Niger, na kuizika miche hiyo mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1983 alitambua kwamba vile vichaka alivyokuwa akivipita kila siku vilikuwa miti iliyokatwa, inayojaribu kurudi. Wakulima wa Niger wamerudisha miti kwa namna hiyo kwenye zaidi ya hekta milioni 5, na mwaka 2018 Rinaudo alipewa tuzo ya Right Livelihood. Jina la kitaalamu la njia yake kwa Kiingereza lina maneno manne marefu. Kiswahili kimelimaliza kwa herufi tisa, na mtoto wa darasa la pili analielewa.

Si mara ya kwanza neno la shambani kuitangulia ofisi. Shinyanga, mkoa ambao miti yake ilikuwa imefyekwa kiasi cha watu kuuita jangwa, mradi wa hifadhi ya ardhi uliojulikana kama HASHI ulianza mwaka 1986. Nguzo yake ikawa neno la Kisukuma: ngitili, yaani kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua ili nyasi zibaki za kulisha mifugo kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zikapata tena miti na nyasi. Kufunga kwenyewe kulikuwa ndiyo kazi. Wataalamu wakaichukua ngitili ilivyo, wakaiandika kwenye ripoti zao, na leo huwezi kuzungumzia misitu ya Usukuma bila kuitaja.

Kisiki, hata hivyo, hakichipui kwa amri. Kinangoja msimu. Na hapa mtu wa Pwani kama mimi hujifunza unyenyekevu, kwa sababu nilifika Dodoma na masika na vuli zangu mfukoni, nikakuta hazina soko. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, na za masika, Machi hadi Mei, kwa mikoa inayonyeshewa mara mbili. Dodoma hunyeshewa mara moja, tangu Novemba hadi Aprili, na mvua hiyo huitwa kwa neno moja tu: msimu. "Msimu umeanza," husema watu wa kule, na hakuna haja ya kuuliza msimu wa nini.

Neno lenyewe lina safari ya kuchekesha. Msimu ni mausim ya Waarabu, wakati maalumu unaorudi kila mwaka, na mabaharia wa Bahari ya Hindi walilitumia kwa pepo zao. Wareno wakalisikia, wakalipeleka Ulaya, likageuka sura. Kisha likarudi kwetu ndani ya vitabu vya jiografia likiitwa monsuni. Neno moja limeingia nyumbani kwa milango miwili, na darasani tunawafundisha watoto kuhusu pepo za monsuni bila kuwaambia kwamba ni ule ule msimu wa bibi zao.

Jirani yake, majira, nalo lilikuwa na kazi baharini. Kabla ya kuwa nyakati za mwaka, majira yalikuwa njia ya chombo, mkondo anaoushika nahodha. Mimi hupenda kuziacha maana zote mbili zikae ndani ya neno. Kwa Mswahili wa kale, majira hayakuwa kitu cha kukaa dirishani na kukitazama kikipita, yalikuwa njia. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hivi, majahazi yanashuka kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikishika, yanarudi. Kati ya hizo mbili kuna wiki ambazo upepo haujaamua, unatoka huku leo na kule kesho. Mabaharia waliziita tanga mbili.

Sijui kama kuna lugha iliyokitazama kipindi cha katikati kwa jicho jema kuliko hilo. Mtu aliyefiwa, au aliyefunga duka, au aliyerudi nyumbani na begi moja baada ya miaka mingi ughaibuni, sisi humwambia yuko njia panda. Njia panda inamdai achague sasa hivi, na asipochagua inamwona mzembe. Tanga mbili haimdai hivyo. Inamwambia kwamba upepo wa zamani umekufa na mpya haujatulia, kwa hiyo kagua chombo, ziba nyufa, shona tanga, lala karibu na pwani. Kungoja namna hiyo ni kazi yenye jina lake.

Wafasiri wetu walipokabiliwa na majira ya Ulaya walipata mtihani mwingine. Kule kuna misimu minne, na ya kwetu haiingiani nayo. Wengine waliyatwaa majina yetu wakayavika makoti: kipupwe kikapewa theluji. Binamu yangu anayeishi Sweden alilipinga hilo kwa simu, meno yakigongana. "Kipupwe gani hiki? Kipupwe cha Unguja ukijitanda kanga kimekwisha." Wengine walifanya jambo la busara zaidi, wakautazama mti na kuuliza unafanya nini. Ndiyo maana kwenye redio tunasikia majira ya machipuko na majira ya mapukutiko.

Machipuko yalipokelewa vizuri. Mapukutiko yana kivuli, kwa kuwa kwa sikio letu kupukutika ni kwa majani, lakini pia ni kwa watu maradhi yanapopita kijijini. Binamu yangu anasema ilimchukua miaka mitatu kuacha kuyaonea huruma majani ya Oktoba. Mwaka wa nne akagundua kwamba mti unaopukutika pale haufi. Unajipunguzia mzigo kabla ya baridi, kama msafiri anayeacha sanduku kwa jirani.

Nilimkumbusha kwamba hata huku nyumbani tunayo hayo, ila hatukuyapa jina la redio. Mbuyu husimama kiangazi kizima bila jani, matawi yake kama mizizi iliyoelekezwa mbinguni, na hakuna anayedhani umekufa. Na ipo miombo, misitu ya Tabora, Iringa na Ruvuma, ambayo jina lake sayansi ya dunia nzima imelikopa kutoka kwetu. Ukipita huko Septemba au Oktoba, nyasi zikiwa zimeungua na anga halina wingu, unakuta miti imevaa majani machanga mekundu, ya rangi ya shaba, mengine karibu na zambarau. Mvua ya kwanza bado iko wiki kadhaa mbele. Miombo huchipua kabla, kwa maji iliyoyaweka ndani na yale ambayo mizizi imeyafuata chini. Mvua ikifika, jani limeshakomaa na liko kazini.

Hapo ndipo nilipoanza kulitilia shaka neno letu jingine tunalolitumia kwa wepesi: kuanza upya. Masikioni linasikika kama kuanza na mikono mitupu, daftari jeupe, kana kwamba yaliyopita yamefutwa. Lakini miombo haianzi na mikono mitupu. Kisiki hakianzi na mikono mitupu. Wala Mswahili wa zamani hakuuanza mwaka hivyo. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwezi wa Julai, watu hukoga mwaka. Wanaume hupigana kwa migomba kuzimaliza chuki za mwaka unaotoka, na kibanda cha makuti huchomwa moto mtu akiwa ndani, akatoka mbio salama, majirani wakauzima. Wanaoingia mwaka mpya ni watu wale wale, na kijiji ni kile kile. Kinachoondoka ni uchafu, ndiyo maana kitenzi chake ni kukoga. Nami husimama kwenye silaha waliyoichagua: mgomba huzaa mara moja tu, ukakatwa, na pembeni yake machipukizi yameshasimama kwenye shina lile lile la chini.

Kuna pia kuhuisha, ambalo ofisi zimelipenda: tunahuisha leseni, tunahuisha uanachama, tunahuisha taarifa kwenye mfumo. Ni ndugu wa damu wa hai na uhai, na maana yake ni kutia uhai. Siku moja nitamwambia karani wa dirishani kwamba kila akigonga muhuri anafufua.

Niliporudi mjini nililipanga jedwali la maneno yote haya na kuliweka mbele ya waliotuagiza kijitabu. Nilipendekeza kichwa cha sura kiwe "Uwezo wa kuchipua tena." Nikaeleza tofauti kama nilivyoiona kwenye ncha ya kile kisu. Anayestahimili anasifiwa kwa kubaki vile vile chini ya mzigo. Anayechipua harudi vile vile: shina moja limekuwa matatu, na mtu alilazimika kukata kumi na manne yaliyokuwa na uhai ndani yake. Sehemu hiyo ya kukata haimo kabisa katika ustahimilivu, na ndiyo sehemu inayouma. Aliyepoteza ajira akaanza kufuga kuku, kulima bustani, kuuza vocha na kuendesha bodaboda kwa wakati mmoja, mama wa Kongwa angemhesabia vijiti vyake na kumwambia kwamba hapo hakuna mti bado.

Walinisikiliza kwa adabu. Wakasema ustahimilivu ndilo neno lililo kwenye sera, kwenye mikataba na kwenye fomu za wafadhili, na kijitabu kikitoka bila neno hilo hakitahesabiwa. Walikuwa na haki yao. Istilahi ni kama sarafu, thamani yake ni kukubalika dukani. Tukapatana hivi: kichwa kibaki, ila sentensi ya kwanza chini yake iwe yangu. Nikaandika kwamba ustahimilivu ni nguvu ya kubeba wakati wa kiangazi na nguvu ya kuchipua msimu ukifika, na kwamba ya pili huhitaji mtu mwenye kisu na utepe. Wakaondoa kisu. Utepe waliuacha.

Misimu miwili imepita. Juzi nilimpigia simu yule mama kumjulia hali, nikamwuliza kama kijitabu kilimfikia.

"Kilifika. Karatasi yake ngumu, nzuri. Mjukuu wangu amefunikia daftari la hesabu."

"Na kile kisiki, mama? Cha utepe mwekundu?"

"Utepe umeshaoza, mwanangu. Mti umenipita kimo."